Shajara ya mradi: kaunta buku 19 za mvua

Jumamosi, 4 Januari 2025

Mama Mkubwa ametangaza kwamba anataka chumba chake. Chini ya kitanda cha wageni kuna masanduku mawili ya bati: moja la vyeti na barua za uhamisho, jingine la kaunta buku 19, na panya wameshaionja ya mwaka 1988. "Mzitoe, au niwashie jiko," alisema jana tukimenya viazi. Kwa hiyo mradi umeanza, na msimamizi wake ni mimi, mhasibu niliyepanda Lushoto kupumzika.

Kaunta buku ni za mumewe, Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu. Mwaka huu anatimiza miaka 84. Amefundisha shule za msingi kuanzia 1962 hadi 1996. Alianza na daraja C, wale waliosoma miaka minane, wakaongezewa miwili ya ualimu, wakakabidhiwa chaki. Na tangu tarehe 1 Januari 1963 amekuwa akipima mvua. Saa 3 asubuhi anakwenda kwenye kopo la shaba lililosimama uani, anainua faneli, anamimina maji ya saa 24 zilizopita kwenye glasi nyembamba yenye mistari, anasoma, anaandika. Hajawahi kulipwa hata senti kwa kazi hiyo, na sijawahi kumsikia akiieleza kwa mtu ambaye hakumuuliza.

Mahesabu ya mwanzo: 1963 hadi mwisho wa 2024 ni miaka 62, miezi 744, siku 22,646 (miaka mirefu imo). Mpango ni kupiga picha kila ukurasa kwa simu, halafu kuingiza tarakimu kwenye jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa siku moja: tarehe, kipimo, maelezo. Nikienda kwa dakika nne kwa kila mwezi, ni saa 50 hivi. Naandika hapa ili baadaye nijicheke.

Jina la faili: Mvua ya Mwalimu.

Jumapili, 5 Januari

Meza iko chini ya dirisha. Taa ya simu imezimwa kwa sababu inatia mng'aro kwenye wino wa bluu. Kurasa za miaka ya 70 zimegandana kwa ukungu na nilikuwa nazifungua kwa kisu cha mezani Baba Mkubwa alipoingia kutoka kanisani (bado anaimba besi). Akaninyang'anya kisu.

"Daftari halichunwi kama mbuzi."

Akaenda kwenye fagio, akachomoa chelewa moja, akaipitisha kwenye kona ya juu kushoto, taratibu, akiizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukurasa ukaachia bila kupoteza hata nukta. Akafanya hivyo mara nne, akanirudishia chelewa, akaenda kuvua koti. Nimeitumia siku nzima. Buku 6 zimepigwa picha.

Jambo ambalo sikulitarajia ni maandishi ya pembeni. Nilidhani ni tarakimu tupu. Kumbe kila baada ya siku chache kuna maneno mawili matatu yamebanwa kwenye ukingo wa karatasi. Mwaka 1973: "Mtu ni Afya. Vyoo 14 sasa." Hiyo ndiyo ile kampeni ya redio, watu wanakusanyika kusikiliza kipindi, kisha wanakwenda kuchimba. Tarehe 16 Februari 1980: "Jua limefifia kabla ya adhuhuri. Kuku wameingia bandani. Watoto wamefurahi kuliko sikukuu." Tarehe 12 Aprili 1984, siku Waziri Mkuu alipofariki kwa ajali ya gari, kando ya kipimo: "Sokoine." Basi. Wino umekaa hapo mpaka ukapenya ukurasa wa pili.

Nimeongeza safu ya nne kwenye jedwali.

Jumamosi, 8 Februari. Dar es Salaam

Nimekwama. Kwa mujibu wa faili langu, Aprili 1963 ilinyesha mvua ya kuisukuma Lushoto yote mpaka Mombo. Siku moja 42, ya pili 115, halafu 7, halafu 88. Nimempigia.

Alicheka mpaka akakohoa. Zile si milimita. Ni pointi. Kopo liliachwa na wamisionari likiwa na glasi yao ya inchi, na inchi moja ina pointi 100. Kwa hiyo 42 ni 0.42 ya inchi, ambayo ni milimita 10.7. Unazidisha pointi kwa 0.254, yamekwisha.

Hayakwisha. Wakati ule kopo lilikuwa shuleni na wanaopima walikuwa watoto. Kila wiki kulikuwa na monita wa mvua, na monita mmoja anaandika 42, mwenzake 0.42, na wa wiki ya tatu anaandika .42 na nukta yenyewe imeliwa na ukungu. Imebidi nirudi picha kwa picha. Kanuni niliyoiweka: kabla ya 1970, tarakimu isiyo na nukta ni pointi, yenye nukta ni inchi. Ukurasa wa tarehe 1 Januari 1970 una tangazo kwa wino mwekundu wa kusahihishia, limepigiwa mistari miwili: KUANZIA LEO MILIMITA. GLASI MPYA.

Nilimuuliza kwa nini aliwapa watoto kazi nyeti namna hiyo. Akasema wastani haufundishiki kwa maembe ya kwenye kitabu. Mtoto aliyelowana mwenyewe akiyafuata maji ndani ya kopo anataka kujua mwezi umetoa kiasi gani, na akitaka kujua ameshajifunza kujumlisha desimali. Mwaka 1967 lilipokuja Azimio la Arusha, na Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi, wakaguzi walitaka kuona shamba la shule. Yeye aliwaonyesha shamba na daftari la mvua.

Jumamosi, 1 Machi

Miaka minane ya kwanza imeingia. Saa zilizotumika mpaka sasa: 19. Nimeshaanza kujicheka.

Somo la leo ni kutofautisha sufuri na mstari. Kwenye buku kuna siku za "0.0" na siku za "—", na mimi nilikuwa nimezijaza zote sufuri. Simu ya tatu wiki hii.

"Sufuri maana yake nimekwenda, nimeangalia, hakuna maji," alisema. "Mstari maana yake hakuna aliyekwenda. Ukiandika sufuri pahala pa mstari umeongopa, mwanangu, tena umeongopa kwa tarakimu, na huo uongo hautoki."

Kuna na "mat.", yaani matone: ardhi imelowa lakini glasi haisomi. Nimeyapa alama yake.

Mistari ya 1963 hadi 1970 ni 26. Sita ni za Agosti 1967, alipokuwa karani wa sensa, akilala huko alikohesabu. Sensa ile ilipata watu milioni 12.3 nchi nzima. Ameandika pembeni: "Nimehesabu kaya 93. Mbwa mmoja ameniuma, hakuhesabiwa."

Jumamosi, 19 Aprili. Lushoto, Pasaka

Sikugusa kompyuta. Nimekaa naye barazani tangu chai ya saa nne mpaka kuku walipolala, nikirekodi kwa simu. Naandika hapa lile lililobaki kichwani, mengine yamo kwenye sauti.

Nilidhani kupima mvua ni jambo la kisayansi lisilo na ugomvi. Usambara lina ugomvi. Hapa mvua ilikuwa na mwenyewe. Wakilindi wa Vuga, ukoo wa kifalme, wazao wa Mbega, walitawala kwa nguvu ya mvua: mfalme akitulia katika enzi yake, inanyesha kwa wakati, na hilo Wasambaa waliliita kuzifya shi, kuitengeneza nchi. Wakubwa wakigombana, mvua inakata au inakuja ya kubomoa, na hiyo ni kubana shi. Mfalme wao Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, bado anatajwa na wazee kama mtu ambaye enzi zake nchi ilishiba.

Sasa fikiria: mwanzoni mwa 1963, ndiyo kwanza Serikali imefuta utawala wa machifu, na kijana wa miaka 22 mwenye suruali iliyopigwa pasi anasimamisha kopo la shaba, anazuia mbuzi wasilikaribie, na kila asubuhi anateka mvua anaimwaga kwenye glasi. Wazee walimjia watatu. Hawakupiga kelele. Walimuuliza swali moja: "Unaikusanya umpelekee nani?"

Nilimuuliza alijibu nini. Akasema hakujibu, aliogopa. Kesho yake aliwaalika saa 3, akampa mkubwa wao glasi aishike mwenyewe. Akamwonyesha kwamba maji kwenye glasi hayakai sawa, yanapanda pembeni kwa kung'ang'ania kioo, na unachosoma ni tumbo la chini, jicho likiwa usawa wa maji. Mzee alipiga goti. Akasoma. Halafu akaimwaga mvua ile kwenye mgomba, akasema kama hairudi nyumbani kwa mtu, basi haina neno. Tangu siku hiyo maji ya kipimo yanamwagwa kwenye mgomba. Nimekwenda kuangalia. Mgomba upo, si uleule bila shaka, ila pahala ni lile alipohamishia kopo nyumbani.

Kuna kisa cha nyuma zaidi. Amezaliwa upande wa Mlalo, na alikuwa mtoto mdogo mradi wa Waingereza wa kuhifadhi udongo ulipoanza pale mwaka 1946. Mama yake alilazimishwa kuchimba matuta kwenye mteremko, kazi ya wanawake karibu yote, na asiyechimba alitozwa faini. Watu waliuchukia mradi mpaka ukaondolewa mwishoni mwa miaka ya 50. Kwa hiyo miaka ya 80 walipokuja SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na majani yao ya Guatemala ya kupanda kwenye kontua, wanakijiji walisikia sauti ileile ya bwana shamba wa kikoloni. Baba Mkubwa aliitwa kwenye mkutano kama mwalimu, asaidie kushawishi. Hakushawishi. Alikuja na buku, akasoma siku kumi zilizonyesha kupita zote, moja moja, akauliza kila mara: "Siku hii, nani alipoteza udongo?" Watu walikumbuka. Yule alipoteza viazi, yule ukuta wa jiko, yule kaburi la baba yake lilishuka bondeni. Hakuongeza neno. Ninavyomjua, hapo ndipo alipokaa chini akavua kofia.

Leo miteremko ile ina majani. Si yote.

Jumamosi, 10 Mei. Dar es Salaam

Mwaka 1986, kuanzia Machi mpaka Juni, tarakimu zimepanda mara kumi na mbili hivi. Sikupiga simu, nimejifunza. Nimetafuta pembeni nikakuta: "Glasi imevunjika (paka). Natumia sirinji ya zahanati."

Kwa hiyo hizo ni mililita. Mdomo wa kopo ni inchi tano, sentimita 12.7, na eneo lake ni kama sentimita za mraba 126.7. Milimita moja ya mvua inajaza mililita 12.67. Unagawanya. Nimegawanya miezi minne yote, ikakaa sawasawa na majirani zake wa 1985 na 1987. Nimefurahi peke yangu sebuleni kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku za El Niño ya 1997 na 1998 zimeingia pia. Ameandika: "Nimemwaga saa 4 usiku, kopo limejaa. Gari halijapanda siku mbili." Alikuwa ameshastaafu, na miaka hii ndiyo yenye maandishi mengi pembeni. Nilidhani mtu akistaafu daftari linalala. Lake limechangamka. "Miche 200 ya mgrivea imeota." "Baraza la kata: kesi ya mpaka, wote waongo." "Msiba. Mimi katibu wa rambirambi tena." "Twisheni hesabu, watoto 11, bure, mmoja ameleta matunda damu." Mwaka 1997 kuna mistari minne inayofanana, miezi tofauti: "Pensheni. Wameniambia nirudi wiki ijayo." Ofisi siitaji, na yeye hakuitaja. Mara ya nne ameongeza: "Nimewapandia mti nje. Angalau kivuli."

Jumapili, 8 Juni

Leo nimeona jambo ambalo silipendi.

Mistari ya siku zilizokosekana kabla ya 1971 ni 26 katika miaka minane. Kuanzia 1971 mpaka 2024, miaka 54, ni 15 tu. Kati ya hiyo, 11 ni ya mwaka 1983, faneli ilipoibwa. (Ilipatikana kwa muuza pombe ya miwa, anajazia chupa. Ilikuwa miaka ya uhaba, ukikosa sabuni na sukari faneli ya shaba ni mali.) Kwa hiyo ukiondoa wizi, siku nne katika zaidi ya nusu karne.

Na hiyo ndiyo miaka aliyokuwa na shughuli kuliko zote. Kisomo cha watu wazima jioni. Sensa ya 1978 na ya 1988. Na kwenye lile sanduku la vyeti nimepiga picha barua ya uhamisho: Januari 1975, anapelekwa Handeni. Barua ya kurudi ni ya Desemba 1977. Azimio la Musoma lilikuwa Novemba 1974, nchi inataka kila mtoto aingie shule, vijiji vipya vimejaa watu na madarasa hayana walimu. Ameshanisimulia Handeni: asubuhi darasa moja, mchana jingine, na katikati anawafundisha kazi vijana waliomaliza la saba juzi, wale walimu wa UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote) ambao watu wenye midomo waliwaita Ualimu Pasipo Elimu. Alikuwa akirudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Lakini buku la 1975 mpaka 1977 halina hata mstari mmoja. Kila siku ina kipimo, mpaka desimali.

Mhasibu akiona vitabu safi namna hiyo hasemi ahsante, anafunga mlango. Nimewahi kukagua daftari la mafuta la dereva ambaye hakuwahi kukosa siku, na mwisho wake haukuwa mzuri. Niliwaza kwamba Baba Mkubwa akija mwisho wa mwezi anajaza kwa kukisia. Mtu anayesema sufuri isiyo ya kweli ni uongo usiotoka.

Nimefanya jaribio tunalolifanya kazini. Mtu anayekisia tarakimu mara nyingi humalizia na 0 au 5. Nimechambua tarakimu za mwisho za siku zote za mvua katika miaka ile mitatu. Hazikuegemea popote. Zimetawanyika kama inavyotakiwa. Hizo ni mvua zilizopimwa.

Na nani?

Jumatano, 11 Juni

Saa sita usiku, nimekuza picha za 1976. Saba zina mkato katikati. Moja zina mkia mrefu wa juu, karibu zifanane na saba zisizo na mkato. Saba za Baba Mkubwa ni kavu na moja zake ni fimbo. Nimerudi nyuma: mkato wa kwanza unaonekana Oktoba 1971. Nikaenda mbele: 1982, 1995, 2008. Mwezi uliopita.

Jumamosi, 5 Julai. Lushoto

Nimepanda kwa ajili ya Saba Saba, ila kwa kweli kwa ajili ya saba. Baada ya chakula cha mchana nilimuuliza mbele ya watu, makosa yangu.

"Baba Mkubwa, 1975 mpaka 1977 ulikuwa Handeni. Nani alikuwa anapima?"

Alikohoa. "Nyumbani palikuwa na watu."

Mama Mkubwa alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua uso. "Watu hao wana jina?"

Akanyamaza mzee mzima, mwenyekiti mstaafu wa baraza la kata.

Basi mama akasimulia, ungo magotini. Alikuja kuolewa hajui kusoma. Mwaka 1970 Nyerere alitangaza kuwa ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mumewe akaanza kumfundisha usiku. "Alinifundisha siku mbili. Ya tatu nikamwambia mimi si darasa la pili B." Akahamia darasa la jioni kanisani, kwa katekista mzee ambaye naye alifundishwa na wamisionari wa Kijerumani, enzi Lushoto inaitwa Wilhelmstal. Mzee yule aliandika saba kwa mkato na moja kwa mkia, kama Wajerumani, na wanafunzi wake wote wakatoka hivyo. Nilipomwonyesha picha kwenye simu aliishika mbali na macho, akaitazama, akasema, "Huyo ni mimi. Hapo nilikuwa na mimba ya baba yao Neema."

Alipohamishwa Handeni, mume alimwachia agizo la kumwaga maji tu, kopo lisije likajaa. "Nikaona ni upuuzi kumwaga kitu bila kukiandika. Ukitoa mahindi ghalani huandiki?" Akawa anapima, mtoto mgongoni. Mwisho wa mwezi mwalimu akirudi anakagua, anatia tiki nyekundu kila ukurasa. Tiki hizo nimeziona. Nilizihesabu kuwa ni za wanafunzi.

"Na mshahara wangu ndiyo huo," alisema. "Tiki."

Yale maneno ya pembeni ya 1975 mpaka 1977 ambayo niliyapa alama ya kuuliza, "Kazaa mawili", "Amekuja, ameondoka", "Chumvi hakuna", ni yake. La kwanza ni mbuzi. La pili ni mumewe.

Baba Mkubwa alijitetea jioni, tukiwa wawili. "Mimi siku zote nimesema daftari halijakosa siku. Sikusema ni mkono wa nani."

Ni kweli, hakusema. Na kwa miaka yote hiyo sisi tuliokuwa tunamsifu hatukuuliza. Mimi nimeandika "Mvua ya Mwalimu" juu ya faili nikiwa nimekaa jikoni kwa mtu aliyeipima.

Jumapili, 6 Julai

Kazi imerudi nyuma wiki nne. Nimeongeza safu ya tano: Msomaji. M ni mwalimu, W wanafunzi, MM Mama Mkubwa, alama ya kuuliza pale nisipojua. Ugumu ni kwamba mkato unaonekana siku yenye saba tu, na mkia siku yenye moja. Siku ya "0.0" na ya "4.2" haina shahidi. Mama Mkubwa amenipa msaada: yeye huandika tarehe kwa vistari, 3-4-76, mzee huandika kwa nukta. Hilo limeokoa maelfu ya mistari.

Tumeketi naye asubuhi yote akinitambulia miandiko. Ana haraka kuliko mimi. Kuna kurasa anazipita kwa kidole akisema, "Yeye, yeye, mimi, mimi, hapa Shangazi yako alipokuja likizo, mimi." Shangazi naye amepata herufi yake.

Jumamosi, 2 Agosti. Dar es Salaam

Zimekwisha siku 22,646. Saa zilizotumika: 131, dhidi ya makisio ya 50. Mistari yenye MM imepita 7,900. Baada ya 1996 yake haikupungua, imeongezeka, maana mzee alipoacha kufundisha ndipo alipozidi kutokuwapo nyumbani: barazani, msibani, kitaluni, kwaya, mkutano wa shule. Ukimtafuta saa 3 asubuhi humpati.

Faili limebadilishwa jina. Sasa ni "Mvua ya uani, 1963 hadi 2024." Nakala moja nitaipeleka Mamlaka ya Hali ya Hewa wakiitaka, na maelezo yote ya kopo: lilikuwa wapi, lilihama lini, glasi gani, paka, sirinji, mwizi.

Jumamosi, 23 Agosti. Lushoto

Nimewaletea iliyochapwa, kurasa zimefungwa kwa ringi. Baba Mkubwa alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akasema hapokei kazi ambayo haijasahihishwa. Akachagua siku 30 kwa kufungua buku popote na kuchoma kidole. Nilitafuta kila siku kwenye karatasi, akalinganisha. Makosa mawili: tarehe 9 Mei 1969 nilisahau kuzidisha, na siku moja ya 2004 nimesoma moja ya mkia wa Mama Mkubwa kuwa saba. Akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa kwanza: 28/30. Vizuri. Usibweteke.

Mama Mkubwa aliichukua kalamu ileile, akatafuta 1976, akatia tiki moja kubwa. Kwa nani, hakusema.

Wakati wa chai mzee alikumbuka kwamba leo ni miaka mitatu tangu sensa ya 2022. Karani aliyekuja ni mjukuu wa mmoja wa mamonita wake wa mvua, binti mwenye kishikwambi. Alimwomba amwonyeshe kinavyojumlisha. Nchi ilifika watu milioni 61.7. "Mimi nilikuwa na penseli," alisema, kama mtu anayelalamika na kujisifu kwa pamoja.

Masanduku yamehamia juu ya kabati, mbali na panya. Chumba kimerudi kwa mwenyewe, ameshaanika vitunguu sakafuni. Buku la 20 limenunuliwa na juu yake hakuna jina, kuna namba tu.

Saa 3 asubuhi nilitumwa mimi. Nilipiga goti, nikaweka jicho usawa wa glasi. Ilikuwa kavu.

23-8-2025. 0.0. Msomaji: mtoto wa Dar. Amekaguliwa na MM.